Chapati za Nyuma ya Ukuta

Mkahawa wa Kasri la Tausi Mweupe, pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud mjini Doha, ulikuwa na waongo wanne: watatu hodari, na mmoja wa kutia huruma.

Hodari wa kwanza ndiye mwenye mali, Bwana Harshad Vithlani, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni na masharubu yaliyopakwa rangi nyeusi hadi yakameremeta. Huyu aliandika juu ya mlango, kwa herufi za dhahabu, kwamba mapishi yake yametoka katika jiko la Maharaja huko Rajasthani, tangu mwaka 1926. Maharaja gani, hakusema. Hodari wa pili alikuwa Mutai, mhudumu kutoka Kericho, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimulia wateja habari za Maharaja huyo huku akiwamiminia maji. Kila wiki Maharaja alizidi kunona. Alianza na tembo mmoja. Kufikia Ramadhani alikuwa na tembo kumi na wawili na mke aliyekufa kwa wivu baada ya kunusa biriani ya jirani. Wateja walitikisa vichwa kwa masikitiko, kisha wakaagiza biriani.

Hodari wa tatu ni Loice Nasimiyu wa Webuye, na hadithi hii ni yake. Loice hakumdanganya mteja hata mmoja, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwona. Yeye alimdanganya mamake. Kila Ijumaa, ambayo huko Doha ndiyo siku ya ibada, akitoka kanisani Mesaimeer, alipiga simu nyumbani na kueleza jinsi anavyosimama mbele ya watu, mpishi mkuu, huku wateja wakimpungia mkono. Mamake alikuwa kiongozi wa kwaya na mtangazaji kuliko redio, kwa hiyo Webuye nzima ilijua kwamba binti wa Mama Loice anawalisha Waarabu. Ukweli ni kwamba kadi yake ya ukaazi ilisema mfanya usafi. Na ukweli mwingine, uliomuuma zaidi, ni kwamba alikuwa anapika kweli. Chapati zote zilizoliwa mkahawani humo zilitoka mikononi mwake. Ni vigumu kumweleza mama yako uongo ambao ungekuwa kweli kama si ukuta.

Sasa huo ukuta. Mbele, upande wa wateja, kulikuwa na kioo kikubwa, na nyuma ya kioo alisimama Bahadur, mwongo wa nne, yule wa kutia huruma. Bahadur alikuwa Mnepali aliyekuja Doha kupaka rangi majumba. Bwana Vithlani alimwona kituo cha metro, akapenda mabega na macho yake ya huzuni, akamvika kilemba chekundu na kumsimamisha mbele ya chuma cha moto. Kazi yake ilikuwa kupigapiga donge la unga, kulirusha juu, kulidaka, na kuwatazama wateja kama mtu anayekumbuka milima. Donge lilikuwa lile lile tangu asubuhi hadi kufunga. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta kidirisha kidogo mfano wa ubao wa mwanafunzi, na nyuma ya kidirisha palikuwa na Loice, jasho likimtiririka, akikanda, akisukuma, akikunja, akichoma. Chapati ikiiva aliipitisha kidirishani, Bahadur akaipokea bila kugeuka, akaionyesha kiooni, na wateja wakapiga picha.

"Wateja wanataka kuona India," Bwana Vithlani alimwambia Loice kwa Kiingereza siku ya kwanza. "Wewe huonekani kama India."

Loice alitaka kumjibu kwamba hata Bahadur haonekani kama India kwa mtu yeyote aliyewahi kumwona Mhindi, lakini wakati huo alikuwa bado mgeni na adabu zilikuwa hazijamwisha.

Namna alivyofika nyuma ya huo ukuta ni kisa chake. Aliajiriwa kushika mopu. Ijumaa moja, baada ya ibada, kina mama wa ushirika walipika katika chumba cha mmoja wao, na Loice akabeba chapati zilizobaki, akazifunga kwa kitambaa, akaja kuzila stoo kati ya magunia kabla ya zamu. Bwana Vithlani, yaani Bosi, akamkuta. Loice alijua amefutwa kazi. Badala yake mzee akanyoosha mkono, akakata kipande, akatafuna, halafu akageuka akautazama ukuta. Akakaa hivyo muda, mgongo kwake, mabega yakipanda na kushuka. Loice alidhani kimemkwama, akawa anatafuta maji. Bila kugeuka, Bosi akauliza, "Nani amepika?" Kesho yake mopu ikapewa mtu mwingine.

"Na kadi?" Loice aliuliza. "Kadi inasema mfanya usafi."

"Mwakani," Bosi akasema. Mwaka ulipofika akasema tena mwakani, na uliofuata vivyo hivyo, mpaka Loice akaanza kuamini kwamba mwakani ni kijiji fulani huko Rajasthani ambako hakuna basi linalofika.

Kuna jambo moja lazima lisemwe kuhusu Loice, hata kama halimpendezi. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa mtu asiye na shaka hata chembe. Kwake yeye, chapati ilikuwa chakula cha Kenya, sawa na ugali. Ungeweza kubishana naye kuhusu wokovu, si kuhusu chapati. Kwao chapati ilipikwa Krismasi. Watoto walipangwa kwa mstari, na aliyekosa kuoga hakupata. Bahadur aliwahi kumweleza, kwa upole, kwamba hata kwao Nepali watu wamekula mkate wa namna hiyo tangu enzi za mababu.

"Mliutoa wapi?" Loice akamkabili. "Wahindi walikuja kwetu kujenga reli. Wakaonjeshwa chapo, wakapenda, wakabeba. Nyinyi mkapewa na wao. Kama ni yao, mbona Yesu akizaliwa sisi ndio tunapika?"

Bahadur akarudi kulirusha donge lake.

Jambo la pili: Loice alikuwa na mdomo. Siku nzima nyuma ya ukuta, bila kuona jua wala mteja, mdomo ndio uliokuwa matembezi yake, na mtu aliyetembezwa sana ni Bwana Vithlani. Alimtukana kwa Kiswahili, mbele yake, kwa uso wa unyenyekevu, na Mutai akaangua kicheko akisingizia kikohozi. Alimwita gunia la mihogo lililovaa tai. Alisema masharubu yake yamepakwa rangi ya viatu, na siku ya mvua yatampaka hadi kitovu. Alisema akitembea anafanana na bata aliyemeza kufuli. Mzee alipita katikati ya maneno hayo akiwa na uso mkavu kama wa sanamu, kisha mara nyingi akaingia stoo, ambako alisikika akikohoa kwa muda mrefu. Loice alidhani ni vumbi la unga, na roho mbaya ikamwambia heri.

Basi siku moja akaja Daktari Anuradha.

Huyu hakuwa daktari wa sindano bali wa vitabu, mama wa Kolkata anayeishi London, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na kamera aliyoibeba mwenyewe begani. Alikuwa akitengeneza filamu kuhusu mikahawa ya kwanza ya Kihindi nje ya India: akina nani waliifungua, walipika nini, walipikia wapi. Alikuwa akipita Doha kwenda kwingine, akauona ule mwaka wa dhahabu juu ya mlango. Mkahawa wenye kumbukumbu ya 1926 ni mkahawa wa kutazamwa, akasema, na akaomba arudi kesho kati ya chakula cha mchana na cha jioni.

Bwana Vithlani alifurahi kwa dakika chache. Kisha hofu ikamwingia. Aliwaita wafanyakazi wote na kuwapanga kama harusi. Mutai apunguze tembo. Bahadur asitabasamu, kwa kuwa akitabasamu anaonekana mchanga. Halafu akaja nyuma ya ukuta peke yake, akafunga mlango, na akazungumza na Loice kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia.

"Kesho usitoke. Usiseme neno. Usikohoe. Pitisha chapati tu. Mambo yakienda vizuri, Jumapili nakwenda mwenyewe ofisini kubadilisha kadi yako. Mpishi. Naapa."

Jumapili. Hakusema mwakani; na Doha Jumapili ni siku ya kazi. Usiku huo Loice hakupata usingizi. Aliwaza kadi yenye neno mpishi, akiipiga picha na kuituma Webuye, na mamake akiipeleka kanisani ikiwa imelazwa juu ya Biblia. Aliwaza siku atakayotembea mjini Doha na kuomba kazi popote kwa jina la kazi yake. Bei ya yote hayo ilikuwa kunyamaza saa moja. Loice alikuwa hajawahi kunyamaza saa moja akiwa macho, lakini aliapa atajaribu.

Kesho yake ilianza vizuri. Kupitia kidirisha Loice aliona kipande cha kilemba cha Bahadur, bega la Bosi, na upande mmoja wa miwani ya Daktari. Mutai aliitwa asimulie, akasimulia. Aliahidi kupunguza tembo, na kweli alipunguza, lakini badala yao akaleta chui aliyefugwa kulinda viungo, na mpishi mkuu, babu yake Bwana Vithlani, aliyetoroka kasri usiku na siri ya mchuzi ikiwa imeshonwa ndani ya kilemba. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

"Nzuri," akasema. "Chui sikuwahi kupata. Nimefika mikahawa mingi sana, kijana wangu, na kila mmoja una Maharaja wake. Wangekuwa wa kweli wote, India isingebaki na mtu wa kulima."

Mutai akamimina maji mezani badala ya kwenye glasi.

"Si kosa lenu," Daktari akaendelea, kwa upole wa mwalimu ambaye hajakasirika. "Mambo haya ni ya zamani. Kule London, wengi wa wale waliofungua vibanda vya kwanza walikuwa mabaharia wa Silheti, Bangladeshi ya leo, watu wa kuchochea makaa melini, waliotoroka meli bandarini. Wengine kwao hawakuwahi kushika mwiko; hiyo ilikuwa kazi ya mama na dada. Wazungu walipouliza habari za Maharaja, wakapewa Maharaja. Watu walikuja na njaa mbili, na ya hadithi ilikuwa kubwa kuliko ya tumbo. Kwa hiyo mimi simtafuti Maharaja. Mimi nataka kuona mikono. Huyu bwana wa kilemba, naomba anipikie chapati moja, tangu donge mpaka sahani, nami nipige picha mikono yake."

Bahadur alimtazama Bosi. Bosi alitazama dari. Nyuma ya ukuta, Loice aliziba mdomo kwa kitambaa cha unga.

Bahadur alikuwa mtu mwaminifu na alijitahidi. Alilichukua lile donge lake la kurushwa, lililokuwa limezeeka kama soli ya kiatu, akaliweka kwenye kibao na kulipitishia kifimbo cha kusukumia. Donge likasogea upande mmoja, likarudi. Akabonyeza kwa nguvu. Likatoka na pembe tano na mkia. Akalitupa juu ya chuma bila mafuta, likashika, akalivuta, likakatika, moshi ukapanda, na machozi ya moshi yakamtoka katika yale macho yake ya kukumbuka milima. Kamera ilikuwa ikirekodi muda wote huo.

Loice alikuwa amevumilia mengi maishani, lakini kuona chapati ikiuawa hadharani lilikuwa jambo jipya. Alifumba macho. Akawaza kadi. Akawaza Jumapili, kwaya, Biblia. Angemudu, Mungu shahidi, angemudu, kama Bwana Vithlani asingefungua mdomo.

"Ni unga," Bosi akasema kwa Kiingereza, akipangusa paji la uso. "Tusameheane, Daktari. Mpishi wangu ni hodari, lakini huko nyuma kuna mfanya usafi, ndiye amekanda unga leo. Ameuharibu. Hajui."

Kitambaa kikamtoka Loice mdomoni.

"Mutai!" sauti yake ikapasua kidirishani kama filimbi ya refa. "Mutai, mwambie huyo mzee unga wangu haujawahi kuharibika tangu nizaliwe! Kilichoharibika hapo ni hicho kichwa chake na masharubu yake ya rangi ya viatu! Nani hajui? Mimi? Miaka mitatu anakula kwa jasho langu, tumbo limetokeza kama gunia la mihogo, leo ndio sijui? Mwambie aende kwa huyo Maharaja wake akapikiwe na tembo! Mwambie!"

Daktari aligeuza kamera kuelekea ukutani. "Anasema nini?"

"Anakusalimu," Mutai akasema, akiwa bado ameshika jagi la maji.

Hapo ndipo Bwana Vithlani alipolipuka. Alilipuka kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kuokota sokoni, bali cha Kisumu, cha mtu aliyekisema kabla ya kuota meno.

"Loice! Hebu koma! Mimi nakusikia! Miaka yote hiyo nakusikia! Gunia la mihogo, nimenyamaza. Rangi ya viatu, nimenyamaza. Siku ile umesema mimi ni bata amemeza kufuli, nikakimbia stoo nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini leo? Mbele ya mgeni? Aki huna haya hata kidogo, na mama yako mtu wa kwaya!"

Jagi likaanguka. Bahadur, ambaye hakuelewa hata neno, akavua kilemba kwa heshima kama mtu aliyefika matangani.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, na Loice, kichwa kikiwa kidirishani, alihisi matusi yake yote ya miaka mitatu yakirudi moja moja kumwangalia usoni. Yale ya masharubu. Yale ya tai. Kulikuwa na moja la mwezi wa Februari, kuhusu makalio, ambalo alitamani ardhi ipasuke immeze nalo.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo. Hakuwahi kumwita hivyo kwa heshima. "Kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Hicho si Kihindi," Daktari akasema taratibu. "Wala si Kigujarati. Bwana Vithlani, ni lugha gani hiyo?"

Bosi aliketi juu ya kiti cha wateja, kile cha mto wa zari, akafungua tai. Alipozungumza alichanganya, Kiingereza kwa Daktari na Kiswahili kwa kidirisha, na Mutai akawa anamtafsiria kila mmoja alichokosa, safari hii bila kuongeza hata chui mmoja.

"Hakuna Maharaja," akasema.

"Hilo najua."

"Mwaka ni wa kweli. Huo peke yake. Mwaka 1926 babu yangu alifungua hoteli ya mabati Kisumu, karibu na stesheni. Chai, maharagwe, chapati. Wateja wake walikuwa wapagazi na makarani wa reli. Mimi nimezaliwa juu ya hiyo hoteli. Tulipohamia Leicester nilikuwa kijana, na Wahindi wa huko wakaniambia mimi si Mhindi kamili, nakula mihogo kwa pilipili, chapati yangu ni nene, nina matusi ya Waluo. Nilipofungua hapa nikasema hakuna atakayeniambia hivyo tena. Nitakuwa Mhindi kuliko wao wote. Na nani, niambieni, nani atalipa kula chakula cha Kisumu mjini Doha?"

"Mimi!" Loice akapiga ukuta. "Mimi, na Mesaimeer yote! Si nilisema? Bahadur, si nilikwambia? Chapati ni yetu!"

"Hapana," wakasema Daktari, Bosi na Bahadur kwa pamoja, maana neno chapati hata Bahadur alilielewa.

Daktari hakucheka sana. Alivuta kiti karibu na kusogeza kamera.

"Hapo Kisumu," akauliza, "chapati nani alipika?"

Mzee alichomoa uzi kwenye ule mto wa zari.

"Mama mmoja. Nyanya yangu alimfundisha ya kwetu, nyembamba. Yeye akaanza kuipaka mafuta na kuikunja kama konokono kabla ya kusukuma, ikatoka na matabaka. Ikapendwa. Watu walishuka garimoshi wakakimbia hotelini kabla hawajachukua mizigo. Asubuhi kabla sijaenda shule alinipa ile ya kwanza, ya kujaribia chuma. Alinipitishia kidirishani."

"Kidirisha gani?" Loice akauliza.

"Cha ukutani. Alikuwa nyuma. Babu alikuwa mbele. Babu alisema wateja wanataka kuona Mhindi."

Loice alitazama ule mraba aliochungulia kwa miaka mitatu, mbao zake zikiwa zimeng'aa kwa mafuta ya viganja vyake. Alikuwa amedhani ni ubahili wa mtu mmoja, wa leo, wa Doha. Kumbe ukuta ulisafiri. Ulitoka Kisumu ukapitia Leicester, ukapanda ndege, ukaja kumsubiri yeye. Akahisi uchungu, uchungu mtupu, usio na hata tusi la kuufunika.

"Aliitwa nani?" Daktari akauliza.

"Tulimwita Mama wa Nyuma."

"Jina lake."

"Sijui," Bwana Vithlani akasema kwa Kiingereza. Kisha akasema tena kwa Kiswahili, "Sijui," kana kwamba alitumaini katika lugha ya pili angelipata. "Alinilisha miaka kumi. Sijui."

Nje basi lilipita, likasimama, likaondoka.

"Na mimi?" Loice akasema. "Kwa hiyo filamu yenu mimi nitaitwa nani? Mfanya usafi wa Nyuma?"

Alitegemea mzee ainamishe kichwa. Mzee aliinua kichwa.

"Loice Nasimiyu," akasema. "Wa Webuye. Baba yako alifariki ukiwa kidato cha pili. Ulitaka kusomea upishi, karo ikakosekana. Mama yako anaimba sauti ya pili na anajisifu kwamba ni ya kwanza. Hupendi bamia. Unaota kufungua hoteli yako mwenyewe, mlango wa buluu. Na kila Ijumaa unamdanganya mama yako kwamba wewe ni mpishi mkuu hapa." Akainuka, akafunga kifungo cha koti juu ya lile tumbo la mihogo. "Ulidhani nilikuwa nasikia matusi tu? Toka huko. Njoo mbele, uache kumdanganya mzazi."

Loice alitoka. Aliuzunguka ukuta kwa miguu yake mwenyewe, akapita jikoni, akapita mlango wa kubembea, akasimama nyuma ya kioo mbele ya viti vitupu na jicho moja la kamera. Bahadur alimpa kilemba kwa mikono miwili, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Loice akakitazama, akakitumia kufunika sufuria ya wali ili usipoe.

Halafu, baada ya kulilia jambo hilo miaka mitatu, mikono ikagoma. Donge la kwanza alilisukuma likatoka limekwenda upande, na alipoliweka juu ya chuma alisahau kuligeuza kwa sababu alikuwa akimtazama Daktari anayemtazama. Likaungua ubavuni. Mutai akatazama pembeni kwa adabu.

"Ya kwanza ni ya kujaribia chuma," Loice akaiambia kamera kwa ukali, kana kwamba kamera ndiyo iliyoiunguza. Akaikunja, akampa mzee mkononi.

Safari hii Bwana Vithlani hakugeukia ukuta. Alikula akiwa amewatazama wote, akitafuna polepole, tabaka kwa tabaka, pamoja na lile lililoungua, na machozi yakamshuka bila kificho. Yakafika kwenye masharubu. Rangi ikaanza kuachia. Mstari mweusi ukateremka kidevuni, ukaingia kwenye kola, ukaelekea kule kule ambako Loice alitabiri.

"Jumapili?" Loice akauliza.

"Jumapili, saa mbili asubuhi. Uje na picha ya pasipoti." Mzee akameza, akakunja uso wa mwenye mali, maana alijua kwamba anarekodiwa na kwamba kuna heshima ya kuokoa. "Lakini chumvi haitoshi."

Loice alishika donge la pili. Mikono ilikuwa imetulia sasa.

"Endelea kulia, mzee," akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, akijua vyema kabisa kwamba anasikika. "Itatosha."

Na Bwana Vithlani akacheka pale pale, mbele ya watu, bila kwenda stoo.